Hati za Maji na Majina ya Marehemu Wetu

Walisema sitapata hata mtu mmoja wa kunikopesha. Hawakunisengenya, walinambia usoni, barazani kwa muuza kahawa wa Likoni, nilipomaliza kueleza mpango wangu. Aliyeanza ni mjomba, ndugu yake mama, aliyekuwa mwanachama wa halmashauri yetu ya wenyeji. Hakuna jambo lililopita pale kwetu bila yeye kulitia chumvi.

"Huyu ametoka Bombay na diploma," aliwaambia wenziwe, akininyoshea kikombe. "Sasa ataka halmashauri ikope pesa ituletee maji. Haikopi benki. Yakopa kwenu nyinyi! Kwako wewe mkwezi, na wewe muuza papa."

"Nasi tukakope kwa nani ili tumkopeshe yeye?" akauliza muuza kahawa. Baraza zima likacheka.

"Diploma hailiwi na wali, mwanangu," mjomba akanambia, kwa upole sasa, kama anayemfariji mgonjwa. "Watu hawa hawamkopeshi hata ndugu yao pishi ya mchele bila shahidi. Watakupa wewe pesa kwa kipande cha karatasi?"

Nilicheka pamoja nao. Sikuudhika. Siku zile hakuna kilichoniudhi wala kilichonifurahisha. Nilifanya kazi, nikala, nikalala. Lakini nilijua nilichokuwa nikisema, na wao hawakujua. Hilo lilinitosha.

Sikubebwa na mtu. Niliondoka Mombasa nikiwa muosha vyombo katika jiko la meli, na niliposhuka Bombay mfukoni nilikuwa na nauli ya siku mbili za gari la farasi. Nilifagia ofisi ya dalali wa hati kabla ya kuruhusiwa kuziandika. Mchana nilinakili majina ya watu waliokopesha manispaa za kule pesa za barabara, mifereji na masoko, jioni nilisoma. Vita vilipofunga bahari niliendelea kusoma, na nikapata diploma ya hesabu na sheria za serikali za miji. Sijasikia mtu mwingine wa ng'ambo zetu, kuanzia Likoni hadi Kisauni, aliyekuwa nayo wakati ule. Kama yuko, na ajitokeze.

Nilirudi vita vilipokwisha. Gatini alikuja kunipokea mama mkubwa, dada yake mama, peke yake, na kwa kuwa alikuwa peke yake nilifahamu kabla hajasema. Mama alikuwa amekufa kwa tumbo la kuendesha, miezi mingi nyuma. Nilioneshwa kaburi. Nikasoma Fatiha. Mama mkubwa alinishika mkono akangoja, na wanawake waliosimama nyuma yake wakangoja, nami pia nikangoja. Hakikuja kitu. Nikauliza kama feri bado yavuka hadi saa za magharibi, kwa sababu kesho yake nilitaka kwenda kwa Bwana Shauri kuomba kazi.

Bwana Shauri, yaani Mzungu mkuu wa wilaya, alinipa ukarani wa fedha wa halmashauri. Hapakuwa na fedha nyingi za kuandikia. Palikuwa na ushuru wa soko, ada za mizigo na faini. Maji hayakuwapo kabisa, isipokuwa visima vya chumvi karibu na pwani na kimoja cha maji baridi bara kidogo, ambako wanawake walipanga madebe yao tangu alfajiri. Serikali ilisema imetumia pesa zake vitani. Ndipo nikamwambia Bwana Shauri kwamba halmashauri yaweza kukopa kwa umma.

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe nafahamu sheria ya kukopa?" Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia kitabuni.

Nikamwambia nafahamu. Halmashauri haikopi kwa ajili ya kula; haiwezi kukopa kulipa mishahara wala kununua viti, ila kwa jambo la kudumu. Azimio lipitishwe katika mkutano uliotangazwa mapema. Tangazo libandikwe mahali pa wazi ili mwenye pingamizi alilete. Gavana aridhie. Itajwe njia ya mapato itakayowekwa rehani ya deni, na kila mwaka itengwe akiba ya kulipia, isiguswe kwa lingine lolote. Kila hati iwe na muhuri, jina la mwenye hati, kiwango cha faida na siku ya kurudishwa pesa. Nilisema yote hayo bila kufungua kitabu. Alifungua yeye, akafuata kwa kidole, na alipofika mwisho akakifunga.

"Mimi nilikuwa sijui hiyo ya viti," akasema.

Kazi ya kwanza ikawa azimio. Sheria ilitaka wengi wa wanachama wote, si wengi wa waliohudhuria. Jambo hilo Bombay ni dogo, lakini kwetu lilikuwa kubwa, maana watu wa kwetu barazani watakucheka usoni, lakini mkutanoni hawampingi mtu. Asiyekubaliana nawe hukaa nyumbani siku hiyo, akatuma salamu kwamba mguu wamuuma. Na kila mguu ulioumwa ulihesabika kama kura ya kukataa. Nilipita nyumba kwa nyumba, kutoka Likoni hadi Mtongwe, nikiwajulia hali wenye miguu kabla haijawauma. Siku ya mkutano chumba kilijaa. Mjomba naye alikuja akanyosha mkono kukubali.

"Nimeunyosha," alinambia tukitoka, "ili nikae mbele nikuone ukianguka."

Tangazo nilibandika kwenye mlango wa mudiri, mkuu wa tarafa yetu, sokoni na gatini penye feri. Muda wa pingamizi ukapita bila mtu kusema neno. Ridhaa ya Gavana ikaja kwa masharti. Nikaweka meza sokoni, hati zangu zimechapwa vizuri, kalamu mbili, na nikakaa. Watu walikuja wakazitazama, wakasifu chapa yake, wakaenda zao. Jua likatua sijauza hata moja.

Mama mkubwa ndiye aliyenambia sababu. Alikuwa na shilingi mia nne, pesa ya minazi aliyorithi kwa mumewe, aliyoiweka kwa ajili ya Hija. Meli za mahujaji zilikuwa bado zinashughulika na askari waliorudishwa makwao, na wakala wa mjini alimwambia asubiri miaka miwili, mitatu. Pesa ilikuwa ndani ya kasha, na yeye alikuwa akiogopa wezi kuliko alivyoogopa kifo.

"Ningekupa," akasema. "Lakini hii karatasi yako yanena kwamba mtanirudishia na nyongeza."

"Ndiyo, mama. Ni faida yako."

"Ni riba, mwanangu. Nikaitie pesa ya Hija riba? Niende nikatufu Kaaba na riba kibindoni? Huko Bombay walikusomesha nini?"

Niliwaza usiku mmoja tu. Asubuhi nilimwendea Bwana Shauri nikamwambia kwamba sheria yataka kiwango cha faida kiandikwe, lakini haikusema kiwe kikubwa kiasi gani. Tuandike kwamba hakuna. Akaipeleka Nairobi, na mwanasheria wa serikali akajibu kwamba hajawahi kuona jambo kama hilo, wala haoni kifungu cha kulizuia. Halmashauri ya makuti ya Likoni ilikuwa imepata mkopo ambao manispaa za Bombay zingeuonea wivu, na aliyeufanya ni mimi.

Hati mpya zilipotoka, watu walikuja. Na mtu asiyepata faida ya duniani hutafuta ya akhera, na maji ni sadaka iendeleayo. Thawabu yake haikatiki maadamu watu wanakunywa. Mama mkubwa alikuwa wa kwanza mezani. Alifungua leso, akanihesabia noti.

"Jina?" nikauliza, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa kuuliza, hata kama ni mama mkubwa wako.

Akataja jina la mama.

"Lako, mama. Lako wewe."

"Mimi sitaki thawabu hii. Mpe yeye. Alikufa kwa maji mabaya, na anywe mazuri huko aliko. Andika."

Nikaliandika jina la mama, na la babake, na la babu yake. Nakumbuka nilizingatia kwamba wino ulikuwa mzito kidogo, na nikaukung'uta. Mama mkubwa alikuwa akinitazama usoni muda wote. Nikampa hati yake, nikasema, "Anayefuata."

Waliofuata walikuwa wamesikia. Mmoja alitaja jina la mumewe, mwingine la mwalimu wake wa chuoni, mwingine la mtoto, na mjomba naye la babake. Wengi niliowaandika sikujua kama wa hai au la. Nilikuwa nimekaa mbali miaka mingi, na sheria iliniambia niandike jina la mwenye hati, sikuambiwa nimshike mapigo ya moyo. Mmoja tu alikuwa tofauti, fundi seremala Mrabai aliyekaa Changamwe, Mkristo, ambaye alivuka maji mara mbili, kuingia kisiwani na kutoka, na shilingi zake sitini ndani ya kopo la misumari.

"Jina ni langu mimi," akasema. "Marehemu wangu wana Mungu wao, watajitafutia maji wenyewe."

Hati zote zikaisha. Kisima kikachimbwa, tangi la mawe likaanza kupanda, mabomba yakaletwa kwa lori kutoka stesheni ya reli na kulazwa kando ya njia. Watoto walikuwa wakipiga kelele ndani yake. Mimi nilipita pale kila jioni nikiangalia. Watu walinipa mkono na kuniita Bwana Fedha. Niliitikia. Ilikuwa kama kusikia mtu mwingine akiitwa.

Kisha akaja mkaguzi wa hesabu za serikali, Mzungu kijana aliyekuwa na kofia ya jua na soksi ndefu. Vitabu vyangu alivisifu, ilimlazimu. Lakini kwa kuwa mkopo usio na faida ulimshangaza, alitaka kuwaona baadhi ya wakopeshaji kwa macho yake, awaulize kama walitoa kwa hiari. Alichagua majina matano, tukatoka pamoja naye, mjomba akiwa mwenyeji wetu.

Kwenye nyumba ya kwanza mkaguzi akamwuliza mzee mmoja, kwa heshima, huyu mtu aliyeandikwa hapa yuko wapi.

"Yuko kule," mzee akajibu, akinyosha kidole nyuma ya msikiti.

Kwenye nyumba ya pili mama mmoja akanyosha kidole upande uleule. Kwenye ya tatu, vilevile. Mkaguzi akadhani wote wako kwenye shughuli moja, akashika njia kwa haraka, nasi nyuma yake, mpaka akafika mahali ambapo hapakuwa na nyumba tena. Palikuwa na majani, na mawe ya kichwani na miguuni. Akasimama. Akavua kofia yake ya jua.

"Wote?" akaniuliza.

Mjomba hakuweza kujizuia. Alijishika kiuno, machozi yakimtoka. "Wallahi, huyu ni bingwa," akasema. "Sisi tulidhani hatapata wa kumkopesha. Yeye amewakopa maiti!"

Sikucheka, wala sikuona haya. Nilimweleza mkaguzi pale pale makaburini kwamba pesa zilizoingia ni za kweli, na zimehesabiwa. Akajibu kwamba hilo halina shaka, lakini maiti hana mkono wa kutoa wala wa kupokea. Mkopo usio na mkopeshaji si mkopo. Kwa mujibu wa sheria, halmashauri ilikuwa na mkopeshaji mmoja tu wa halali, fundi seremala wa Changamwe. Hati zilizobaki zisahihishwe ziwe za watu walio hai, kila mmoja kwa ridhaa yake, kabla ya hesabu za mwaka kufungwa. Vinginevyo mkopo utabatilishwa na pesa zote zirudishwe mara moja.

Zirudishwe kutoka wapi? Zilikuwa mabomba sasa. Zilikuwa mawe na chokaa. Halmashauri ingeuza mabomba kwa bei ya chuma chakavu, na kila mtu angepata mgawo mdogo. Mia nne za mama mkubwa zingerudi labda mia, na kwa umri wake hangeweza kupata nyingine. Hija yake ingekuwa imezama katika mtaro wa kando ya njia ya Mtongwe, na mimi ndiye niliyeuchimba.

Nikaenda kumwambia. Alikuwa akipeta mchele ukumbini. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Kwa hivyo wataka nimfute," akasema.

"Hati yake tu, mama. Nikuandike wewe."

"Nilimpa. Nilimpa mbele ya watu, nawe uliandika. Sasa niende nikampokonye? Aulizwe huko, maji yako yako wapi, aseme dada yangu amekuja kuyachukua?"

"Pesa ya Hija itapotea."

"Na ipotee! Nitakwenda Maka kwa kumnyang'anya maiti?" Ungo ukaanguka, mchele ukatapakaa. Kisha akasema, sauti imeshuka, "Na wewe wanambia hivi na uso huo. Ni mamako. Hata wanisikitisha, mwanangu. Nimengoja mwaka mzima nikuone ukimlilia."

Niliinama nikamsaidia kuokota mchele. Nilijua alichokuwa akikingojea, na nilijitafuta ndani nisikione.

Wote walijibu kama yeye. Wengine walinifungia milango. Nikamwendea Kadhi, mtu mkarimu na msomi, akanambia kwamba thawabu hufuata nia ya mtoaji, wala haitegemei jina lililoandikwa juu ya karatasi. Akatangaza hivyo baada ya sala ya Ijumaa. Watu walimsikiliza, wakamshukuru, wakaenda nyumbani, na hakuna aliyeleta hati. Waliamini kwa akili, lakini jina ni jina.

Nikarudi kwa mkaguzi. Nikamwuliza kama sheria yakataza hati kuwa na maneno ya ziada, kwa mfano kwamba fulani aliye hai amekopesha, na kwamba thawabu ni ya marehemu fulani. Akafikiri, akasema haikatazi, mradi maneno hayo yasikae pamoja na jina la mkopeshaji yakaleta utata. Yaandikwe nyuma.

Niliporudi Likoni na neno hilo, mama mkubwa alinitazama kama niliyemtukana.

"Nyuma? Mimi mbele na marehemu mgongoni, kama mzigo?"

Siku chache baadaye nilimkuta akijiandaa kusoma kitabu cha dua, baada ya alasiri. Alikichukua kikiwa kimefungwa juu ya mto, akakifungua. Nimeona kitendo hicho tangu utotoni, na siku ile ndipo nilipokiona. Jalada alilolifungua lilikuwa lile ambalo mimi, kwa miaka yangu yote ya Bombay, ningeliita la nyuma. Kitabu cha Kiingereza huanzia kushoto. Cha herufi za Kiarabu huanzia kulia. Na watu wa kwetu, hata Kiswahili chao, walikiandika kwa herufi za Kiarabu.

Nikaomba karatasi za kukunjwa katikati kama kitabu. Upande mmoja nilichapisha Kiingereza, muhuri wa halmashauri na jina la aliye hai. Upande wa pili, ambao machoni pa mkaguzi ulikuwa mgongo, nikaandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kuanzia bismillahi, jina la marehemu na kwamba maji haya ni sadaka yake. Mkaguzi akiipokea hati huanzia kushoto, na marehemu yuko nyuma. Mwenye hati akiipokea huanzia kulia, na nyuma kuna muhuri wa serikali. Hapakuwa na aliyedanganywa, na kila kifungu cha sheria kilitimizwa. Mkutano mwingine ukatangazwa, azimio lingine likapita, hati za zamani zikafutwa moja baada ya nyingine mbele ya mashahidi.

Mjomba aliigeuza yake mara tatu, akiifungua huku na huku. "Yaani hati hii haina mgongo?"

"Haina."

"Kama wewe, hujulikani mbele wala nyuma," akasema. Lakini alitia kidole gumba kwenye wino.

Mama mkubwa alikuja siku ya mwisho, hesabu zikiwa karibu kufungwa. Niliandika jina lake upande wangu, kisha nikaigeuza, nikaliandika la mama kwa herufi ambazo mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha, kwa mkaa, ukutani mwa jiko. Mama mkubwa akaisoma kwa kidole kutoka kulia. Akaibusu. Hakunitazama mimi safari hii.

Maji yakatoka. Kulikuwa na maulidi na mbuzi, na Bwana Shauri akafungua bomba la kwanza akarushiwa maji kwenye suruali, watu wakashangilia. Tulitoza senti kwa debe, na senti hizo pamoja na ushuru wa soko ndizo zilizokuwa rehani ya deni. Kila mwaka nilitenga akiba. Kila mwaka halmashauri iliikodolea macho. Mara barabara imeharibika, mara mgeni mkubwa anakuja, mara paa la mudiri lavuja. Mjomba alisema pesa iliyolala ni dhambi. Nikamjibu kwamba iliyolala ndiyo itakayompeleka dada yake Maka. Hawakuigusa. Niliilinda kama askari alindavyo ghala, na kwa moyo uleule wa askari, bila chuki na bila mapenzi.

Siku iliyoandikwa kwenye hati ikafika, nami nilikuwa nimejiandaa. Niliweka meza sokoni, kasha kando yangu, askari mmoja wa mudiri nyuma. Watu walikuja na hati zao, nyingine zimefungwa kwa vitambaa, moja imetobolewa na panya. Nilihesabu, wakahesabu, wakatia dole, nikapiga muhuri wa kulipwa upande wa Kiingereza. Upande ule mwingine sikuugusa. Sheria ilitaka hati iliyolipwa ibatilishwe, na upande mmoja unatosha. Nilikuwa nimeshakiangalia kifungu. Lakini ilitaka pia hati zirudi ofisini, na hilo niliwaambia.

Fundi seremala wa Changamwe alizihesabu zake mara mbili. "Mtakopa tena lini?" akauliza.

Mjomba alichukua zake akazitia kofiani, akaivaa kofia. "Haya," akawaambia waliokuwa nyuma, kwa sauti ya kusikika mpaka gatini. "Mwana wa dada yangu amelipa." Kisha akakaa pembeni kwenye gunia la mbaazi, akawa ananitizama nikifanya kazi, hata saa zikapita.

Mama mkubwa alikuja mwisho, soko likianza kutawanyika. Alikuwa amedhoofu, alishikilia ukingo wa meza. Nikamhesabia mia nne. Akazihesabu, akazifunga kwenye leso, akafungua, akazihesabu tena.

"Meli yaondoka baada ya Idi," akasema. "Wakala anataka mahram aandikishwe." Yaani mwanamume wa ukoo wa kumsindikiza. " Mjombako magoti hayamwezi."

"Mimi nina likizo," nikasema. Sikuwa nimeiomba kwa miaka yote mitatu.

"Najua unayo."

Akaiweka hati mezani, upande wa herufi za Kiarabu juu, jina la mama likinitazama. Nikaigeuza, nikapiga muhuri. Nikaandika jina la mama mkubwa mstari wa mwisho wa daftari, nikachora mstari chini yake kwa rula. Hakuna aliyebaki kutudai, si wa hai wala wa makaburini. Nililisema hilo kwa sauti, kwa sababu ilinipasa kusema kitu, na mjomba akasema, "Tumesikia, Bwana Fedha."

"Umechoka?" mama mkubwa akauliza.

"Sijui, mama."

Akaketi nami kwenye kiti cha upande wa pili wa meza, leso yake ya pesa mapajani, mpaka askari alipokuja kuchukua kasha.